Viatu Vinavyotazama Mlango

Kama wiki jana ulikuwa na shughuli zako, vuta kiti nikuweke sawa kwa maneno machache, maana sirudii.

Mimi ndiye yule msichana wanayemwita Kijiti, kwa sababu ya miguu yangu. Nakimbia. Kocha wa shule aliniona nikikimbia, akanipeleka kwenye kambi yake nyuma ya bwawa la kuogelea lililokauka, akaniambia kwamba pale hawafundishi riadha. Wanafundisha vijana upelelezi, kwa siri, kwa ajili ya taifa.

Nikaamini. Ningefanyaje? Kaka yangu alikuwa ametoweka mwaka mzima, na Kocha ndiye mtu pekee aliyesema anajua alipo.

"Kaka yako alikuwa kijana wangu hodari kuliko wote," aliniambia. "Ametekwa na Fundi Lifti. Usidanganyike na ovaroli yake, yule ni mtu wa maadui. Jenga urafiki na binti yake, ingia kwao, tafuta chumba alichofungiwa kaka yako. Ukimwona, bonyeza hii saa. Sisi tutamalizia."

Saa nikaivaa. Urafiki nikaujenga. Wiki jana niliwaacha nikiwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo analoishi Fundi Lifti, ngumi hewani, nabisha hodi.

Nimesikia wengine wenu mnasimama kwenye meza za magazeti mnasema msichana wa miaka kumi na sita hawezi kufanya haya, kwamba natia chumvi. Sawa. Nyinyi tieni sukari, mimi naendelea.

Mlango ulifunguliwa na binti mwenyewe. Shuleni tunamwita Kicheko, na ukikaa naye dakika mbili utajua kwa nini.

"Hatimaye! Nilidhani umepotea. Ingia, ila vua viatu hapo, baba kapiga deki."

"Yuko wapi?"

"Kazini. Kuna lifti imekwama na bwana harusi ndani." Akacheka mpaka akashika mlango.

Nikainama kufungua kamba. Ndipo nilipoviona.

Viatu vya kiume vya kahawia, vikubwa, pembeni ya ndara za Kicheko. Vilikuwa vimegeuzwa, ncha zinatazama mlango, na kamba zimesukumwa ndani ya viatu.

Ngoja nikueleze, ili tuwe pamoja. Mtu wa kawaida huvua viatu jinsi alivyoingia. Ncha zinatazama ndani, kamba zinalala popote. Kambini kwetu hilo ni kosa. Kiatu kinageuzwa kitazame mlango na kamba zinatiwa ndani, ili siku ya kutoka mbio utumbukize mguu na kwenda zako bila kuinama. Na kila mtu anageuza vyake mwenyewe. Ukigusa kiatu cha mwenzako unakosa chakula, kwa sababu mwenzako lazima avikute pale pale mguu wake ulipoviacha.

Kocha alitukaririsha hilo mpaka mikono ikawa inafanya yenyewe. Hata nyumbani nikawa nageuza. Mama aliviona siku moja akaniuliza, "Mwanangu, siku hizi viatu vyako vinataka kwenda wapi?" Nikacheka, nikabadilisha maneno.

Kwa hiyo mwenye viatu vile alikuwa mtu wa kambini. Na namba yake ilikuwa ile ambayo wauza viatu huulizana duka zima kama ipo. Kisigino cha kushoto kimeliwa kuliko cha kulia.

Ni viatu vya kaka yangu.

Sasa fikiri nami. Mateka haachiwi viatu vyake. Tena haachiwi aviweke mlangoni, amevitayarisha kwa kukimbia. Kaka yangu hakufungiwa mle ndani. Alikuwa amejificha. Na mtu hujificha kwa sababu kuna anayemtafuta.

Nikaitazama saa mkononi.

"Hivi viatu vya nani?" nikauliza.

"Vya binamu yangu," Kicheko akasema. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakucheka.

"Binamu yako ana miguu ya kaka yangu."

Jikoni bomba likafungwa. Kisha akatoka mtu mrefu, povu mpaka kwenye viwiko, sahani mkononi. Kaka yangu, ambaye nyumbani hajawahi kuosha hata kijiko.

"Kijiti," akasema.

Nilimpiga na kiatu. Siombi radhi. Nilikuwa nacho mkononi tayari, nikampiga nacho begani, nikampiga tena, na machozi yananitoka kwa hasira.

"Mwaka mzima! Mama analala na simu chini ya mto! Mwaka mzima, na wewe uko hapa unaosha vyombo vya watu!"

"Dada, punguza sauti."

"Sipunguzi! Tulikulilia!"

"Nilitaka kurudi. Kila siku nilitaka kurudi." Akaiweka sahani chini, akanishika mkono ili nisimpige tena. Hapo akaiona saa. Uso wake ukabadilika. "Hii umepewa na nani?"

"Kocha."

"Umeibonyeza?"

"Bado."

"Haihitaji kubonyezwa." Alikuwa ananong'ona sasa. "Mimi pia alinipa. Inamwonyesha ulipo tangu unapoivaa. Kile kitufe amekiweka ili ujione una uamuzi."

Jamani, nimewahi kuaibika. Nimewahi kuanguka mbele ya shule nzima nikiwa naongoza mbio. Lakini sijawahi kujisikia mjinga kama pale, miguu mitupu sebuleni kwa watu, nimemletea kaka yangu mwindaji mpaka mlangoni.

"Mbona anakutaka?" nikauliza. "Si ulikuwa kijana wake hodari? Si tunafanya kazi ya taifa?"

"Taifa gani, Kijiti? Mara ya mwisho nilitumwa kuiba michoro ya mashine kwenye kiwanda. Nikaiiba. Nikamwona Kocha anaikabidhi kwa mwenye kiwanda cha jirani, wanacheka, wanapeana mikono. Anatukodisha. Sisi watoto wa watu, anatukodisha kama viti vya sherehe. Nikamwambia sifanyi tena. Akasema kambini mtu haachi, anaachishwa. Usiku ule ule Fundi Lifti akanikuta nimejibanza kwenye chumba chake cha mashine, akanipa chai, hakuniuliza neno."

"Baba haulizi," Kicheko akasema. "Anadhani kila kitu ni nyaya."

"Keshokutwa kuna hakimu atanisikiliza," kaka akaendelea. "Nikifika mbele yake, Kocha amekwisha. Nisipofika, nimekwisha mimi. Na safari hii hatanipa onyo."

Sasa unajua kilichokuwa mezani. Si michoro, si kambi, si taifa. Ni kaka yangu afike keshokutwa akiwa hai. Basi.

Na hapo hapo, kutoka chini barabarani, tukasikia filimbi.

Kocha hana maneno mengi, ana filimbi. Haimtoki shingoni hata akilala. Mlio mmoja maana yake kila mtu asimame alipo. Wa pili ukifuata, kamateni. Ule ulikuwa mlio mmoja, na ninaona haya kukiri kwamba mimi na kaka tuliganda sote wawili sebuleni, kama tuliopigiliwa misumari.

"Mmekuwaje nyinyi?" Kicheko akashangaa.

Ukaja wa pili.

Kicheko akachungulia dirishani. "Kuna mwanamume wa raba nyeupe, yuko mlangoni mwa jengo. Na wawili wamevaa suti za michezo, wanaingia. Wanafanana hao."

"Mapacha," nikasema. Wenzangu wa kambini. Kaka mtu na dada mtu, miguu ya chuma, na wote wawili hawanipendi tangu nilipowashinda kwenye ngazi.

"Nitoke," kaka akasema. "Wakinipata mimi watakuacha wewe."

"Thubutu."

"Kijiti..."

"Nimesema thubutu! Nimekulilia mwaka mzima, leo nimekupata, unataka nikukabidhi na risiti? Kicheko, hapa kuna njia nyingine?"

Kicheko alikuwa tayari anapekua ndoano ya funguo za baba yake. "Lifti ya pili."

"Ile mbovu?"

"Mbovu kwa wapangaji. Baba kaitengeneza juzi. Hajasema kwa sababu watoto wa ghorofa ya tatu wataimaliza tena." Akaupata ufunguo. "Ila vitufe vya ndani havijaunganishwa. Vinavyofanya kazi ni vile vya fundi."

"Viko wapi?"

Kaka yangu akafumba macho. Ni wazi alijua. "Juu ya paa lake," akasema.

Niliitazama sura yake nikafurahi kidogo, samahani. Kaka huyu tangu utotoni hapandi hata kiti kubadilisha balbu.

Tukatumbukiza miguu kwenye viatu. Vyangu nilivipata kimoja upande huu, kingine upande ule, maana nilikuwa nimevitumia kwa kazi nyingine. Vyake vilimsubiri. Akavivaa anatembea.

Kwenye ukumbi wa ghorofa nikaivua ile saa. Nikaita lifti ya kwanza, ile inayofanya kazi siku zote, nikaitupa saa ndani, na Kicheko akapitisha kiganja chake kwenye vitufe vyote, kuanzia juu hadi chini.

"Itasimama kila ghorofa," akasema. "Na ikifika chini itaitwa tena. Watu wa jengo hili hawachoki kuita lifti."

Tukaisikia inashuka, inasimama, inafungua, inafunga. Na kwenye ngazi, sauti ya Mapacha: "Wako lifti! Inashuka! Rudi chini!" Kisha: "Imesimama! Panda!" Wakapanda. Wakashuka. Mimi nilivishwa saa ile mwezi mzima. Na wao wapate zamu.

Kicheko akafungua mlango wa lifti ya pili kwa ufunguo. Chini ya miguu yetu palikuwa na paa la chuma lenye vumbi, nyaya nene zinapanda gizani, na kisanduku cha njano chenye vitufe viwili.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nabaki. Lazima mtu awafungulie." Akatabasamu. "Nitawaambia wavue viatu kwanza."

Nilimkumbatia. Nilijenga urafiki na yule msichana kwa uongo, kwa maagizo, na yeye akanilipa kwa urafiki wa kweli. Hilo nitalibeba.

Tukaingia, tukasimama juu ya paa lile. Mlango ukafungwa. Kaka akabonyeza, na paa likaanza kushuka, taratibu, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi na ndoo ya maji kichwani.

"Haiwezi kwenda haraka?"

"Ya fundi huenda hivi. Shika hapo. Usishike hapo! Hapo kuna grisi."

Nilikuwa nimeshashika. Nikapangusa mkono kwenye shati lake.

Tukapita mlango wa ghorofa moja baada ya nyingine. Nyuma ya mmoja wao nikasikia pumzi za mmoja wa Mapacha, karibu kabisa, bati tu linatutenganisha. Kaka alitoa kidole kwenye kitufe. Tukaning'inia. Sikujua kama anawaogopa Mapacha au shimo.

"Unaogopa?" nikamnong'oneza.

"Sana."

"Mimi siogopi. Nimekasirika tu."

Haikuwa kweli yote. Lakini ilimfanya abonyeze tena.

Aliposimamisha paa usawa wa ghorofa ya kwanza, akatafuta kwa vidole kile chuma kinachofungua mlango kwa ndani. Kabla hajakivuta, sauti ikapanda kutoka ukumbi wa chini, kupitia kwenye uwazi. Kocha alikuwa anaongea na simu.

"Saa inasema wako kwenye lifti, lifti inafunguka haina mtu. Mmechezewa, wapumbavu nyinyi." Akasikiliza jibu. "Basi. Acheni. Yule mrefu anaweza kumkimbia kila mtu, lakini hatamkimbia mama yake. Naenda huko mwenyewe. Nifuateni."

Nikasikia raba zake zikiondoka sakafuni, bila haraka.

Sikumbuki kuufungua ule mlango. Nakumbuka ngazi za mwisho, mlango wa nyuma, mapipa ya taka, na jua la mchana likinipiga machoni. Nakumbuka kaka akisema "Mama" na mimi nikisema "Kimbia."

Sasa kuhusu mama yangu.

Mama hushona mapazia. Futi ya kupimia vitambaa iko shingoni kwake tangu anaamka mpaka analala, nadhani hata kwenye picha za ubatizo wangu amepigwa nayo. Kwa kuwa meza haitoshi, hutandika kitambaa sakafuni, chumba kizima, akakikata akiwa amepiga magoti. Ndiyo maana kwetu kuna sheria moja tu: hakuna kiatu kinachovuka mlango. Daktari alipokuja kumtibu alivua. Askari aliyekuja kuandika habari za kupotea kwa kaka alivua, na soksi yake ilikuwa na tundu.

Na ndara zake mwenyewe? Mama huzivua anatembea. Moja iko karibu na ndoo, nyingine chini ya bomba. Kila siku nazikusanya. Ni mwanamke asiyejua viatu vyake viko wapi.

Mtu kama huyo, peke yake, na Kocha njiani.

Kocha ana gari. Sisi tuna miguu. Lakini saa ile barabara kubwa huwa imefungamana, na mimi nazijua njia za nyuma kwa sababu Kocha mwenyewe alinikimbiza humo miezi. Tukapita gereji ya malori, tukapita nyuma ya kiwanda cha mikate, tukaruka ukuta wa ghala la mbao. Mlinzi akatutukania ukoo mzima. Kaka alikuwa anahema kama mtu anayezama.

"Mwaka wa kuosha vyombo umekumaliza," nikamwambia.

"Kijiti, nisikilize." Akasimama, mikono magotini. "Nijisalimishe. Nitangulie mimi, niingie mikono juu. Atamwacha mama. Ananitaka mimi."

"Na keshokutwa?"

"Keshokutwa haipo."

Nilimshika kola. Sikuwahi kumshika kaka yangu kola, ni mkubwa kwangu na nilifundishwa adabu.

"Nisikilize wewe sasa. Alinidanganya ili nikuuze. Alikupa saa, akanipa saa. Alitufundisha mpaka namna ya kuvua viatu. Kila tunachokijua kimetoka kwake na kila mara tunafanya anachotaka. Leo sifanyi. Ukijisalimisha, nitakupiga mimi kabla yake, na unajua ninavyopiga."

Akashika bega lake palipopigwa na kiatu. Akacheka, kidogo, kwa uchungu. Tukaendelea kukimbia.

Gari la Kocha lilikuwa nje kwetu. Tulichelewa.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Hakuna kelele, hakuna kilichovunjika. Hata cherehani haikusikika, na cherehani ya mama haijawahi kunyamaza mchana. Nikaweka mguu kizingitini, nikaangalia chini kwa mazoea, na nikapigwa na butwaa.

Raba nyeupe za Kocha zilikuwa pale. Amezivua. Zimegeuzwa zitazame mlango, kamba ndani. Hilo nililitegemea.

Pembeni yake zilikuwepo ndara za mama.

Zote mbili. Pamoja, zimebanana, zimenyooka kama rula. Na zilikuwa zinatazama mlango.

"Kazigeuza Kocha," nikanong'ona. Nilitaka sana iwe hivyo.

Kaka akatikisa kichwa. "Kocha hagusi kiatu cha mtu. Unaijua sheria. Kila mtu anageuza vyake."

Nikakumbuka sauti ya mama. Siku hizi viatu vyako vinataka kwenda wapi? Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa anauliza.

Nyuma yetu nikasikia nyayo. Mapacha walikuwa wamefika, wanatweta, mmoja kushoto kwa geti na mwingine kulia. Hawakutusogelea. Walikuwa wanangoja ishara.

Nikausukuma mlango.

Kitambaa cheupe kilikuwa kimetandikwa sakafu nzima, pazia la mtu, limekatwa nusu. Upande wa pili, chini ya dirisha, alisimama Kocha kwa soksi. Mikono nyuma. Kichwa chini. Kocha wangu, aliyewahi kumliza mwanafunzi kwa kumtazama tu, alikuwa amesimama kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mbele yake, kwenye kiti cha cherehani, alikaa mama. Ameketi wima. Futi haikuwa shingoni kwake. Pale futi inapokaa siku zote, ilining'inia filimbi.

"Mama," kaka akasema. Mwaka mzima alikuwa hajalitamka neno lile mbele ya mwenyewe.

Mama alimtazama. Niliona kidevu chake kikicheza, nikaona anakikaza. Alitaka kumkimbilia, hilo ninaliapia. Hakumkimbilia.

"Umekonda," akamwambia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kisha akatugeukia sote, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia kwenye nyumba ile. Haikuwa kubwa, lakini Kocha alinyoosha mgongo alipoisikia. "Ingieni, wanangu. Leo msivue viatu."

Kaka akanishika mkono. "Tukimbie," akasema bila kusogeza midomo. "Kijiti, hatujui huyu ni nani."

Na kweli sikujua. Sikujua kama yule aliyekaa pale alimpokonya Kocha filimbi ili atuokoe, au alirudishiwa kilicho chake. Sikujua ni nani aliyemfundisha Kocha kugeuza viatu, ingawa nilianza kukisia, na lile wazo liliniuma kuliko kitu chochote mwaka ule.

Lakini niliijua hasira yangu. Nilikuwa nimechoka kukimbia kwa filimbi ya mtu.

Nikatoa mkono wangu kwenye mkono wa kaka. Nikaingia. Kiatu changu cha kwanza kikaacha alama nyeusi ya grisi ya lifti kwenye kitambaa cheupe cha mama, cha pili kikaacha nyingine. Kocha akanitazama kwa macho ya mtu anayetaka kunionya. Sikumjali.

"Mama," nikasema, nikanyoosha mkono. "Nipe hiyo filimbi."

Akaitazama ile alama ya grisi. Akanitazama mimi. Akatabasamu, tabasamu lile lile la kila siku, na hilo ndilo lililonitisha.

Kisha akaiweka filimbi mdomoni, akapuliza.

Mlio mmoja.

Mapacha wakaganda getini. Kocha akaganda dirishani. Nyuma yangu nikasikia viatu vya kaka vikiganda kizingitini.

Mimi nikapiga hatua.

Mama hakuishusha filimbi. Alinitazama nikija juu ya pazia lake, na kifua chake kikaanza kujaa pumzi ya mlio wa pili, ule wa kukamata.